Gari Lisilochemka

Marehemu mume wangu hakujivunia kitu kama alivyojivunia mshale wa joto kwenye gari letu. Si watoto, si kazi yake ya serikali, wala si mimi. Mgeni akipanda kiti cha mbele, tukitoka tu Lodwar kushika barabara ya Kakuma, yeye anagonga kioo cha dashibodi kwa ukucha. "Hebu ona hapo. Umeona? Chini kabisa. Hii gari haijui kuchemka." Na kweli mshale ulikuwa umelala chini, haujui kama nje ni Turkana ama ni Limuru kwenye baridi. Mgeni anatikisa kichwa kwa heshima, na mimi kiti cha nyuma natazama dirishani kwa maringo, utadhani gari nimelizaa mimi.

Uielewe barabara yenyewe kwanza. Miaka ile lami ilikuwa imebaki vipande vipande, madereva wanaiacha na kupita kando kwenye vumbi, na kila baada ya kitambo unakuta gari limesimama, boneti iko juu, dereva amejibanza kwenye kivuli cha mlango akingoja rejeta ipoe. Kwa hiyo mafundi wetu walikuwa na dawa moja kwa magari yote. Gari likishaletwa kutoka Kenya, maana sisi huku kila kitu kilicho ng'ambo ya Kapenguria tunakiita Kenya, kabla hata halijaoshwa, fundi anafungua mahali ambapo bomba la maji linaungana na injini, anatoa kidude kidogo cha shaba kinachoitwa themostati, anakitupa. Kazi ya kidude hicho ni kuyazuia maji yasikimbilie kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Sasa nani, walisema mafundi, anahitaji kitu cha kuleta moto Turkana? Ukikitoa, maji yanazunguka saa zote, injini inakaa baridi, mambo kwisha. Kila mtu alifanya hivyo. Mume wangu alisimama juu ya kichwa cha fundi kuhakikisha kimetoka.

Lilikuwa four-wheel ya zamani, ya petroli, rangi yake ya kijani ilikuwa imepauka upande unaopigwa na jua. Tulilinunua kwa mtu mmoja aliyekuwa anahamishwa kikazi. Lilipanda mchanga bila kulalamika na lilibeba kila ulichokiweka.

Alifariki mwaka wa 2012, mwaka ule ambao Turkana nzima ilikuwa na wimbo mmoja: mafuta yamepatikana. Kila hoteli ya chai Lodwar ni mafuta, mafuta, tutakuwa kama Waarabu. Na mimi, mjane mpya, nilikuwa nikiyatafuta mafuta ya kutia kwenye tangi. Tulikuwa tumetoka sehemu za Kitale sote wawili, yeye kwa kazi, mimi kwa kumfuata, na watu wengi walidhani nitafunga virago nirudi kwetu. Thubutu! Nilikuwa na kibanda cha vitunguu Kanamkemer, mtaa wa hapo hapo Lodwar, na watoto wawili shule ya bweni. Niliving'oa viti vya nyuma kabisa vya gari, nikaacha vile vya kati, nikaanza kupeleka magunia ya vitunguu na kreti za nyanya Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi, kwa mama mmoja kutoka Sudan Kusini aliyekuwa na meza kubwa sokoni. Aliniita mama wa basal, basal ndiyo vitunguu kwa Kiarabu chao cha Juba. Yeye ndiye aliyenishika mkono wakati ule, na sijamsahau.

Biashara ilikuwa nzuri. Shida ilikuwa gari. Lilikunywa! Jamani, lilikunywa. Nilitia nusu tangi Lodwar, maana hiyo ndiyo niliyoimudu, nikifika Kakuma taa imewaka, na ikawa lazima ninunue petroli ya vibuyu vya plastiki kando ya barabara kwa bei ya kukamuana. Faida yote inamwagika mle. Ekzosi ilikuwa nyeusi tii ndani, na nguo zangu zilinuka petroli hata kanisani. Nikauliza mafundi. Mmoja akasema ni uzee wa gari. Mwingine akasema ni upepo. Wa tatu, bila haya, akasema ni mguu wa mwanamke. Lakini wote walimaliza na neno lile lile: shukuru Mungu mama, angalau haichemki.

Sasa nije kwa shemeji yangu, mdogo wake marehemu, aliyeishi kwao huko karibu na Kitale. Kaka yake alipokuwa hai hakuwahi kukanyaga Lodwar, alisema kuna joto na kuna risasi. Lakini mwaka wa 2013, baada ya uchaguzi, kaunti ilipoanza na ofisi mpya zikawa zinatafuta magari ya kukodi na ya kununua, ghafla bin vuu akakumbuka kwamba kaka yake aliacha gari. Nikaitwa nyumbani kwa kikao cha familia.

Nilikaa kwenye kochi la mama mkwe, nimefunga leso kiunoni, nikawasikiliza. Shemeji alizungumza kwa upole ule wa mtu aliyekwisha kupanga. Gari linatumaliza kwa petroli, wewe mwenyewe unalalamika kila siku, alisema. Kuna mtu yuko tayari kulinunua. Mimi nikasema gari ndilo linalolisha watoto wa kaka yako. Akatabasamu.

"Shemeji, mimi si dereva, lakini najua hesabu ya akili. Kutoka Lodwar mpaka Kakuma si mbali hivyo. Gari inapeleka vitunguu na kurudi tu, petroli inaisha? Hapana. Kuna mahali unazunguka."

Hakuna aliyeuliza anamaanisha nini, kwa sababu kila mtu alielewa. Mjane mwenye gari, petroli inayopotea, mji wa mbali wenye watu wa kila aina. Walikuwa wameshanipa bwana Kakuma, na ushahidi wao ulikuwa tangi la mafuta. Mama mkwe alitazama sakafu. Mimi nikasimama.

"Nizunguke wapi?" nikamuuliza. "Sema mbele ya mama yako. Nizunguke wapi?"

"Mimi sijasema kitu," akasema. "Gari ndiyo inasema. Basi tufanye hivi. Tutakuja Lodwar, mimi na mama. Tutie nusu tangi, twende Kakuma, turudi, bila kununua hata kikombe njiani. Ikirudi, nitanyamaza. Isiporudi, inauzwa."

"Njoo," nikasema. "Njooni wote."

Nilisema hivyo kwa hasira tu. Nilijua vizuri kwamba gari halingerudi. Lilikuwa halijawahi kurudi.

Kesho yake nikaondoka alfajiri. Kupanda kuelekea Kapenguria kulikuwa na ukungu na manyunyu, baridi ya kuuma mifupa, na mimi nilikuwa nimevaa nguo za Lodwar. Nikawa nalia na kutetemeka, na kioo cha mbele kikajaa mvuke mpaka sioni. Nikakumbuka kwamba gari lina hita. Katika miaka yote ile hakuna aliyewahi kuigusa. Nani awashe hita Turkana, ana kichaa? Nikazungusha kitufe mpaka mwisho, upande mwekundu. Upepo ukaja, mwingi, wa baridi. Nikangoja. Nimetoka Kitale, nimepanda mlima, injini inanguruma, na upepo unaotoka humo ni wa baridi kama wa nje.

Nikasimama kando. Nikafungua boneti, nikagusa bomba kubwa la maji linaloingia kwenye rejeta, nikiwa nimekunja leso mkononi nisiungue. Ala! Nikaitoa leso. Nikalishika kwa kiganja kitupu. Lilikuwa vuguvugu, kama uji uliosahauliwa mezani.

Mimi si fundi na sijasomea gari, lakini nimepika tangu nina urefu wa meza. Najua sufuria isiyo na mfuniko inavyomaliza makaa: unaongeza, unaongeza, unapuliza, maharagwe yanakutazama tu. Injini hii ilikuwa inapikwa bila mfuniko. Miaka yote hiyo imekuwa ikijiona ndiyo kwanza imeamshwa asubuhi, ikidai petroli nyingi ili ipate moto, na moto wenyewe sisi tumeufukuza kwa mikono yetu. Na tukakaa mbele ya ule mshale tunausifu! Nilicheka peke yangu pale mlimani, kicheko cha uchungu. Mume wangu alikuwa amejivunia ugonjwa.

Nilipofika Lodwar nikaenda moja kwa moja kwa fundi wetu, Mturkana mtu mzima aliyelijua lile gari kuliko alivyoijua nyumba yake.

"Ejoka, mama."

"Ejok. Nataka unirudishie themostati."

Alicheka kwanza. Alipoona sicheki akaweka spana chini. "Mama, hii ni Turkana. Hapa hiyo kitu inatolewa ndio gari itembee. Mzee mwenyewe alisema itoke, mimi nikatoa, yeye akiangalia hivi."

"Mzee amekufa. Mimi ndiye nimekuja."

"Ikichemka utasema ni mimi."

"Ikichemka nitasema ni mimi. Naisema mbele ya watu hawa wote."

Watu hawa wote walikuwa madereva waliokaa kwenye magurudumu mabovu wakipoteza muda, na wakapata burudani ya siku. Mmoja akasema mama amechanganyikiwa na matanga. Mwingine akaniuliza kama nitaweka na jiko ndani ya boneti nipikie chai humo. Nikamwambia yeye ndiye wa kwanza kuja kuomba hiyo chai, nikaondoka.

Nilimwagiza dereva wa lori la vitunguu aniletee themostati mpya kutoka Kitale. Aliniambia mwenye duka alimuuliza mara mbili kama ni ya kwenda Lodwar kweli. Kidude kikaja kimefungwa kwenye karatasi, kidogo, kinaingia kiganjani. Fundi bado akakataa. Basi nikamwambia aje nyumbani. Nikawasha jiko uani, nikateleka sufuria ya maji, nikakitumbukiza mle nikiwa nimekifunga na uzi. Tukachuchumaa wote wawili, tunakodolea macho sufuria kama watu wanaongoja mchele. Maji yakapata joto, kidude kimefumba. Yakapata moto zaidi, kimefumba. Yalipoanza kutoa viputo vidogo pembeni, kile kidude kikajifungua taratibu, chenyewe, bila kuguswa. Nikakitoa kwa uzi, kikapoa, kikajifunga tena.

"Kumbe kinafungua," akasema fundi.

"Kinafungua. Ulidhani kinafanya nini?"

"Zile nilitoa zote zilikuwa zimeshikana. Kwa sababu ya maji yetu ya chumvi." Akafikiri. "Halafu zile mpya nikatoa tu pia."

Hakuwa mtu wa ubishi, ile nampa. Kabla ya kukifunga kidude akang'oa rejeta na tukaiosha. Toba! Kulitoka vumbi, kulitoka panzi waliokauka, kulitoka majani ya ule mti wa miiba, mathenge, ya kutosha kulaza mbuzi. Ndani kulitoka maji mekundu ya kutu. Hicho ndicho kilichokuwa kinachemsha magari barabarani, si kile kidude cha watu. Tukatia maji safi yenye dawa yake, akafunga themostati na gaskiti mpya, akajipangusa mikono na kuniambia niende na Mungu.

Nikaenda peke yangu kwanza, na magunia machache. Nataka niseme ukweli wa nilivyojisikia. Mshale ulipoanza kuinuka, kabla hata sijauacha mji mbali, nilishikwa na hofu. Ulifika robo. Ukapita. Miaka yote ile sikuwahi kuuona umeinuka, nilikuwa nimefunzwa kwamba ukiinuka ni kifo. Ukafika katikati, mguu wangu ukaenda kwenye breki wenyewe. Nilisikia sauti ya mume wangu, nakuapia, na ule ukucha wake kwenye kioo. Niliona namsaliti, nimemngoja afe ndipo nimharibie kitu alichokipenda.

"Baba watoto," nikasema kwa sauti, peke yangu na vitunguu, "nilikupenda na ulikosea."

Mshale ukasimama katikati. Hautetemeki, haupandi. Injini yenyewe ikabadilika sauti, ikawa laini, na kwenye vilima vidogo vilivyokuwa vikinisumbua ikapanda kwa raha. Siku ile nilinunua petroli Kakuma, lakini kidogo, na nilifika nyumbani nayo bado ipo. Nilihisi naweza kuruka.

Shemeji alikuja na mama mkwe kwa basi la usiku. Asubuhi alikuwa wa kwanza pale kituo cha mafuta. Alisimama karibu na pampu mpaka mhudumu akamwomba asogee. Nusu tangi. Kisha akatoa selotepu mfukoni, alikuwa ameibeba kutoka Kitale, wallahi simsingizii, akaufunga mfuniko wa tangi kwa selotepu mizunguko na mizunguko, akaweka na sahihi yake juu kwa kalamu. Wahudumu walitazama chini kuficha vicheko. Mama mkwe akaingia kiti cha kati na kikapu chake cha ndizi mapajani, shemeji akakaa mbele, na magunia nyuma yetu.

Tulikuwa hatujafika mbali akaanza kuutazama mshale.

"Shemeji, gari inachemka."

"Haichemki."

"Imefika katikati! Kaka alikuwa anasema..."

"Najua alichokuwa anasema. Nilikuwa naye garini."

"Simamisha tutie maji!"

"Shemeji, ukitaka kushuka, mlango uko upande wako. Gari halisimami."

Hakushuka, lakini alikaa ameshika mpini wa mlango njia nzima, jicho kwenye mshale. Ulibaki pale pale. Mama mkwe alimenya ndizi akanipa, kisha akala yake. Kwa mwanaye hakutoa.

Kakuma tukashusha mzigo. Wakati mimi na yule mama tunapima vitunguu, shemeji akaanza kuzunguka kwenye meza za jirani, anachekacheka na watu, anauliza maswali yake. Huyu mama huwa anakuja peke yake? Akishusha mzigo huwa anakwenda kwa nani? Yule rafiki yangu alimsikia. Aliinuka, na akiinuka yeye ni mrefu, kivuli chake kinakufunika.

"Wewe unatafuta bwana ya hii mama?"

Shemeji akashtuka. "Hapana, nilikuwa nauliza tu..."

"Anakuja kwa mimi. Anakunywa chai kwa mimi. Ananipa basal, mimi nauza. Mimi ndiyo bwana yake. Unataka kusema nini kwa mimi?"

Soko lote lile la wanawake likaangua kicheko, kwa Kiarabu, kwa Kidinka, kwa Kiswahili cha Kongo, kila mtu akimtafsiria jirani yake. Shemeji alirudi garini akafunga dirisha. Mimi nilimkumbatia yule mama mpaka nikasikia mbavu zake. Akaniambia nenda na Yesu, na usimpe huyo mtu kiti cha mbele tena.

Kurudi ndiko kulikonitoa jasho. Siku chache nyuma mvua ilikuwa imenyesha juu milimani, na kwenye laga moja, mto wa mchanga usio na maji ila msimu wa mvua, maji yalikuwa yamekata drifti, ile sakafu ya saruji ya kuvukia. Asubuhi tulipita juu kidogo, lakini tuliporudi tukakuta lori limekwama palepale, kwa hiyo ikabidi tushuke kwenye mchanga wenyewe, gia nzito, mwendo wa kobe, na upepo unatusukuma kwa nyuma hivi kwamba rejeta haipati hewa hata kidogo. Nikatazama mshale. Ukatoka katikati. Ukaanza kupanda, polepole, kwa makusudi.

Shemeji akaona. "Si nilisema! Simama! Inakufa hapa hapa!"

Kusimama katika ule mchanga ni kubaki mle. Na nikibaki mle, gari limekwenda, na jina langu pamoja nalo. Niliogopa, sitaki kujifanya. Halafu nikakumbuka ule upepo wa Kapenguria. Kama hita hula moto wa injini, basi na iule. Nikazungusha kitufe mpaka mwisho, upande mwekundu, nikafungulia feni yote.

Yesu wangu, joto lililotoka mle! Adhuhuri ya Turkana nje, na ndani tumewasha hita. Lilitupiga usoni kama mtu amefungua tanuri la mkate. Shemeji akapiga kelele. Akajaribu kuzima, nikamchapa mkono.

"Usiguse!"

"Unataka kutuua!"

"Kaa! Ulitaka kujua petroli inakwenda wapi, kaa ujue!"

Mama mkwe nyuma akajitanda leso kichwani na kusema tu, "Endesha, mwanangu." Jasho lilinitiririka mpaka machoni. Mshale ukasita. Ukasimama. Kisha, tukiwa tunapanda ukingo wa laga na upepo sasa unatupiga kwa mbele, ukaanza kurudi, ukarudi mpaka katikati, ukatulia. Nikazima hita. Nikaendesha hivyo mpaka tukaona mitende ya Lodwar.

Nililipaki uani kwangu Kanamkemer. Selotepu ilikuwa pale pale, imelainika kwa jua, sahihi yake juu. Mshale wa petroli ulikuwa chini, ndiyo, lakini taa ilikuwa haijawaka. Shemeji, shati limemgandama mgongoni, alizunguka gari. Akainama akachungulia tangi. Akagonga boneti mara moja, kama mnunuzi. Nilimngoja aseme pole. Nilikuwa tayari hata kumsamehe, ndivyo nilivyokuwa na furaha.

"Kumbe imepona," akasema. "Vizuri sana. Sasa itapata bei nzuri kuliko ile ya kwanza. Yule mtu nitamwambia aongeze." Na akanyoosha mkono apewe ufunguo.

Nilisimama pale nikiutazama ule mkono. Kumbe petroli haikuwa petroli. Angenikuta natumia maji ya mto bado angekuja na selotepu yake. Na mimi nilikuwa nimehangaika na sufuria na uzi, nimebishana na mafundi, nimempinga marehemu kaburini, ili nimridhishe mtu ambaye hakuwa na swali.

"Umesema ikirudi utanyamaza," mama mkwe akamwambia kutoka kwenye kiti chake, mlango ukiwa wazi. "Nimekusikia kwa masikio yangu. Imekwenda, imerudi. Mwachie gari lake."

Alikuwa ananitetea, maskini, mama wa watu, na kichwa chake bado kimelowa jasho. Nilimshukuru. Lakini sikutaka nipewe gari kwa sababu hiyo.

"Hapana, Mama," nikasema. "Si kwa kuwa limerudi. Hata kama lingezima kule lagani tukarudi kwa miguu, lingekuwa langu. Hata lingebaki mifupa pale mchangani, mifupa ingekuwa yangu." Nikamgeukia shemeji, na ufunguo nikautia kifuani, ndani ya sidiria, mahali ambapo hangethubutu kuufuata. "Na nikitaka kuzunguka, nitazunguka."

Alimtazama mama yake. Mama yake akawa anachagua ndizi kwenye kikapu. Basi akatoka hadi barabarani, akasimamisha boda boda, na mimi nikaingia ndani kumtekea mama mkwe maji ya kuoga.